MHARIRI ALIYEPANDA PIKIPIKI: MAISHA YA JOMO KENYATTA



Katika toleo hili la kumbukumbu, kamati imeombwa iandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, ambaye habari zake zinaweza kutusaidia. Wengine walitaja wafalme, wengine wachezaji wa mpira. Mwishoni tulimchagua Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. Tuna sababu. Wengi wanamjua kama mzee mwenye ndevu na usinga mkononi, ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti na sarafu. Wachache wanajua kwamba alianza kujulikana kwa kutoa gazeti dogo la kila mwezi, kwa lugha ya nyumbani kwao, wakati watu wake wengi hawakujua kusoma. Tena ni mtu aliyekaa ugenini miaka mingi, akatengwa na familia yake, akafungwa mbali jangwani, na baadaye akawa mkubwa wa nchi.

Hatuandiki ili kumsifu tu. Alifanya mema makubwa, na yako mambo aliyoyafanya akiwa na mamlaka ambayo yaliwaumiza watu. Tutasema yote mawili, kwa sababu taarifa inayoficha nusu ya habari haina faida kwa msomaji.

Mtoto wa Gatundu

Kenyatta alizaliwa Ng'enda, karibu na Gatundu, katika wilaya ya Kiambu, nchi ya Wagikuyu. Mwaka wenyewe haujulikani, maana siku zile hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wanaohesabu wanasema ni katika miaka ya 1890. Jina lake la utotoni lilikuwa Kamau. Alifiwa na baba yake akiwa mdogo, na mama yake, Wambui, akarithiwa na ndugu wa marehemu kwa desturi ya kwao. Baadaye mama naye akafariki. Kwa hiyo alikuwa yatima, kama watoto wengi tulio nao katika mabloku yetu.

Mwaka 1909 mtoto huyo alikwenda mwenyewe kwenye misheni ya Wakristo wa Uskoti huko Thogoto, akaomba kusoma. Pale alifundishwa kusoma na kuandika, na pia useremala. Alibatizwa mwaka 1914 akaitwa Johnstone Kamau.

Ilipokuja vita kuu ya kwanza ya dunia, serikali ya Waingereza ilikamata vijana kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa, wengi wao katika nchi ya Tanganyika. Kamau alikimbilia Narok kwa jamaa zake waliokaa na Wamasai. Huko alipenda kuvaa mkanda wa shanga, na wengi husema jina la Kenyatta lilitokana na mkanda huo. Tunaona basi kwamba hata jina lake kubwa alilipata wakati alipokuwa amekimbia.

Baada ya vita alimwoa Grace Wahu, na mwaka 1920 wakapata mtoto wao wa kwanza, Peter Muigai. Tangu mwaka 1922 alifanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi, akisoma mita na kutunza stoo. Ilikuwa kazi nzuri kwa Mwafrika wa wakati ule. Alikuwa na duka pia huko Dagoretti.

Ardhi na kipande

Ili tuelewe kwa nini mtu wa namna hii aliacha kazi ya mshahara, lazima tujue hali ya watu wake. Waingereza walikuwa wamechukua sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya milimani wakawapa walowezi wazungu. Wagikuyu wengi waligeuka maskwota katika mashamba ambayo zamani yalikuwa ya ukoo wao. Kulikuwa na kodi ya kichwa na kodi ya nyumba. Kila mwanamume alilazimishwa kubeba kipande, yaani cheti cha kazi chenye alama za vidole, kilichotiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Asiye nacho alikamatwa. Kulima kahawa, zao lenye fedha, Waafrika walizuiwa.

Mwaka 1922 kijana mmoja karani, Harry Thuku, alikusanya watu kupinga mambo hayo, akakamatwa. Umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Askari walipiga risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Thuku alihamishwa hadi Kismayu, akazuiliwa miaka mingi.

Watu hawakuacha. Walibadili njia. Mwaka 1924 walianzisha chama kilichoitwa Kikuyu Central Association, yaani chama kikuu cha Wagikuyu, au KCA. Shida ya chama ilikuwa moja: wazee walijua madai yao, lakini hawakuwa na mtu wa kuyaandika vizuri na kuyapeleka kila kijiji. Wakamwendea yule msoma mita. Mwaka 1928 akakubali kuwa katibu mkuu, akaacha kazi ya maji. Alipewa pikipiki ya kuzungukia vijiji.

Gazeti la Mpatanishi

Mwezi wa Mei 1928 likatoka toleo la kwanza la Muigwithania, na mhariri alikuwa Johnstone Kenyatta. Jina hilo maana yake ni mpatanishi, mtu anayewafanya watu wasikilizane. Lilikuwa gazeti la kwanza la Kigikuyu lililotolewa na Waafrika wenyewe. Wamisionari walikuwa na magazeti yao, na serikali ilikuwa na yake. Hili lilikuwa la wananchi.

Tuangalie kazi yenyewe ilivyokuwa. Chama hakikuwa na mtambo wa chapa, hivyo walichapisha kwa Mhindi mwenye matbaa Nairobi na kulipa kwa michango. Mhariri hakuwa na ofisi kubwa. Alipanda pikipiki yake, akaenda Kiambu, Murang'a hadi Nyeri, akikaa na wazee, akisikiliza, akiandika, na akirudi na barua za wasomaji. Gazeti likitoka, mwenye kujua kusoma aliketi katikati, wengine wakamzunguka, akawasomea. Nakala moja ilitosha watu wengi. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi na taarifa ya kambi inapobandikwa kwenye ubao wa kisima.

Ndani ya gazeti hapakuwa na matusi kwa serikali. Kenyatta alijua kwamba neno moja baya lingelifunga. Aliandika juu ya kulima vizuri, kusomesha watoto, usafi, umoja, heshima kwa wazee na kutouza ardhi. Alitumia mafumbo na methali za wahenga, ambazo Mgikuyu alizielewa mara moja na mzungu alizipita bila kushtuka. Lakini chini ya maneno hayo ya upole palikuwa na somo kubwa: kwamba watu wa Kiambu, wa Murang'a na wa Nyeri ni watu wa nyumba moja, na kwamba ardhi ni mali yao.

Jina la mpatanishi halikuwa la bure. Wakati huo Wagikuyu walikuwa wamegawanyika. Waliosoma waliwadharau wasiosoma, machifu wa serikali waligombana na vijana, Wakristo na wafuasi wa mila walitazamana kwa ubaya. Mtu aliyetaka kudai ardhi kwa Waingereza ilimpasa kwanza kuwapatanisha walio nyumbani.

Safari ya kupeleka madai

Mwezi Februari 1929 KCA ilimtuma Kenyatta London. Wanachama walichanga fedha kidogo kidogo. Alipanda meli Mombasa akiwa na karatasi ya madai: ardhi ilindwe kwa hati, Waafrika wawe na wawakilishi wao waliochaguliwa, Thuku aachiliwe, shule ziongezwe.

Sisi tuliowahi kutumwa na bloku zetu kupeleka malalamiko tunaweza kuelewa yaliyompata. Wakubwa hawakumpokea upesi. Ofisi moja ilimwelekeza kwa ofisi nyingine. Miezi ilipita. Fedha zilikwisha, deni la chumba likapanda, na nyumbani watu wakaanza kuuliza fedha zao zimekwenda wapi. Mwaka 1930 aliandika barua iliyochapishwa katika gazeti kubwa la London, The Times, akieleza madai ya watu wake. Kwa njia hiyo Waingereza wa kawaida walisoma habari ambazo maofisa wao walizifungia kabatini. Alirudi nyumbani Septemba 1930 bila ardhi, lakini madai yalikuwa yamejulikana.

Mwezi wa Mei 1931 alitumwa tena pamoja na mwenzake, Parmenas Mockerie. Safari hii hakurudi kwa miaka 15.

Miaka 15 ugenini

Katika miaka hiyo aliishi maisha ya mtu asiye na kwao. Wahu alibaki Kenya na watoto wawili. Yeye alihama chumba hadi chumba, mara nyingi akiwa na deni. Alisoma katika chuo cha Waquaker huko Birmingham. Alitoa ushahidi mbele ya tume ya ardhi mwaka 1932. Alikwenda Moscow akasoma huko, akarudi mwaka 1933. Alifundisha matamshi ya Kigikuyu katika chuo kikuu cha London ili apate chochote. Hata alicheza katika filamu moja, miongoni mwa Waafrika waliowekwa kuonekana nyuma ya wachezaji wakubwa, kwa sababu ya njaa.

Mwaka 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia, yeye na Waafrika wengine wa London waliunda kamati ya kuitetea. Mwaka 1936 mfalme Haile Selassie alipofika London akiwa mkimbizi, Kenyatta alikuwa kati ya waliokwenda stesheni ya treni kumlaki. Tukumbuke hilo: hata mfalme alikuwa mkimbizi.

Alisoma elimu ya mila na desturi za watu chini ya mwalimu mashuhuri Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake Facing Mount Kenya kuhusu maisha ya Wagikuyu: ardhi, ndoa, malezi, dini, utawala. Juu ya kitabu hicho aliandika jina jipya, Jomo Kenyatta. Yaliyomo hayakumpendeza kila mtu, kwa mfano utetezi wake wa tohara ya wasichana, jambo ambalo leo tunalipinga kwa sababu ya madhara yake kwa mama zetu na dada zetu. Lakini kwa mara nyingine Mwafrika alikuwa ameandika habari za watu wake mwenyewe, badala ya kuandikwa na wageni.

Vita kuu ya pili ilipoanza alikwama Uingereza. Alifanya kazi ya shamba huko Storrington, akalima mboga na kufuga kuku. Mwaka 1942 alimwoa mwanamke Mwingereza, Edna Clarke, wakapata mtoto wa kiume. Oktoba 1945 alikuwa Manchester pamoja na Kwame Nkrumah, George Padmore na Du Bois katika mkutano wa tano wa Waafrika wa dunia nzima, uliodai uhuru bila kusubiri.

Septemba 1946 alirudi Kenya. Edna na mtoto walibaki Uingereza. Familia mbili, bahari mbili, na kila upande palikuwa na mtu aliyeachwa. Hatumhukumu, wala hatusemi kwamba ni jambo dogo. Kati yetu wako wenye mume upande wa pili wa Rusizi, na wenye mtoto Ulaya asiyejulikana anwani. Tunajua maumivu hayo.

Usiku wa Oktoba

Aliporudi alipokewa kama mzee wa taifa. Aliongoza chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi waliokataa kutegemea shule za wengine. Juni 1947 akawa rais wa chama cha KAU, kilichotaka kuunganisha makabila yote ya Kenya. Na wakati huo magazeti ya Waafrika yalikuwa yameongezeka: Henry Muoria alitoa Mumenyereri kwa Kigikuyu, na Achieng Oneko alikuwa katika gazeti la Ramogi kwa Kijaluo. Mbegu iliyopandwa mwaka 1928 ilikuwa imezaa.

Lakini ardhi haikurudishwa, na vijana walichoka kungoja. Wakala viapo msituni, na vita ya Mau Mau ikaanza. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Kenyatta pamoja na wengine wengi. Magazeti ya Waafrika yalipigwa marufuku. Muoria wakati huo alikuwa safarini London. Hakuweza kurudi, akafanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi, akakaa huko hadi kufa kwake mwaka 1997. Yeye ni mhariri ambaye ukimbizi wake haukuisha. Tunamkumbuka pia.

Kenyatta alishtakiwa Kapenguria, mahali pa mbali kaskazini magharibi, pamoja na Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Walidaiwa kuongoza Mau Mau. Mawakili wao walitoka Uingereza, India na Nigeria. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba alisema uongo kwa kuahidiwa malipo. Hata hivyo, tarehe 8 Aprili 1953 hakimu aliwahukumu kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Vita iliendelea nje. Waingereza waliwanyonga watu zaidi ya 1,000 kwa hukumu za mahakama. Wengine maelfu kwa maelfu walifungiwa kambini, na vijiji vizima vikahamishwa na kuzungushiwa seng'enge. Wako Wagikuyu waliouawa na Mau Mau, na wako waliouawa na askari. Ndugu walikuwa pande mbili.

Lokitaung na Lodwar

Kenyatta alifungwa Lokitaung, katika nchi ya Waturkana, joto kali na mawe matupu. Ni katika eneo hilo la Turkana ndipo kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992. Kwa kuwa alikuwa na umri mkubwa kuliko wenzake, alipewa kazi ya kupika. Aliwapikia wafungwa wenzake uji na maharage kwa miaka.

Tusidhani kwamba walikaa kwa amani wakati wote. Kifungo huwagombanisha hata watu wenye lengo moja. Walitengana makundi mawili, wakafikia kutosemezana. Nasi kambini tumeona foleni ya maji ikivunja urafiki wa miaka 20.

Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali yao mbaya ilipenya ikachapishwa London katika gazeti la The Observer. Mwaka huohuo Oginga Odinga alisimama katika baraza la kutunga sheria akasema wazi kwamba wafungwa hao ndio viongozi wa kweli wa watu. Wajumbe wengi walimpigia kelele, lakini jina la Kenyatta likarudi midomoni mwa watu. Odinga angeweza kunyamaza ili awe mkubwa yeye. Hakunyamaza.

Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hakuachiwa, alihamishiwa Lodwar akae kizuizini, kisha Maralal mwaka 1961. Agosti 1961 alirudishwa nyumbani Gatundu, akawa huru, baada ya karibu miaka 9. Chama cha KANU kilikuwa kimekwisha kumchagua kuwa rais wake akiwa bado amefungwa.

Mkubwa wa nchi

Tarehe 1 Juni 1963 Kenyatta akawa waziri mkuu. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, na mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyohiyo, ikawa jamhuri naye akawa rais.

Agosti 1963 alikwenda Nakuru kuzungumza na walowezi wazungu, watu waliofurahia kufungwa kwake. Walingoja kisasi. Yeye akawaambia kwamba pande zote mbili zimekosa, kwamba yaliyopita yasamehewe, na kwamba anayetaka kukaa na kulima akae. Wengi walibaki. Neno lake la Harambee liliwafanya wananchi wajenge wenyewe shule na zahanati nyingi kwa michango yao. Hapa tunamwona tena yule mpatanishi wa mwaka 1928.

Sisi watu wa Kongo tunalo jambo letu la kukumbuka. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimpa Kenyatta uenyekiti wa tume ya kupatanisha Wakongo. Mwezi Novemba mazungumzo yalifanyika Nairobi kuhusu wageni walioshikwa mateka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Kabla hayajazaa matunda, tarehe 24 Novemba, askari wa Ubelgiji walirushwa kwa miavuli juu ya mji kutoka ndege za Marekani. Damu nyingi ikamwagika, ya wageni na zaidi ya Wakongo. Kenyatta alikasirika kwamba mazungumzo yalikatwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, mwanawe Uhuru Kenyatta, naye baada ya kuwa rais wa Kenya, alipewa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kazi ya kuongoza mazungumzo ya amani ya mashariki ya Kongo, tena Nairobi. Baba na mtoto walishughulikia shida ileile. Hiyo inatuonyesha umri wa shida yetu.

Upande mwingine wa habari

Sasa tuseme na yaliyo machungu. Ardhi iliyonunuliwa kutoka kwa walowezi iligawiwa kwa mikopo, na maskwota wengi walipata viwanja. Lakini mashamba mengi makubwa yalikwenda kwa wenye fedha na walio karibu na serikali, familia ya rais ikiwemo. Wapiganaji wengi waliotoka msituni walibaki bila hata kiwanja. Wale waliosomewa Muigwithania chini ya mti, wakaambiwa wasiuze ardhi, wengine walikufa wakiwa hawana ardhi.

Watu wa kaskazini mashariki, Wasomali wa Kenya, waliotaka kujiunga na Somalia, walipigwa vita miaka ya 1963 hadi 1967, wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, jambo walilofanyiwa Wagikuyu na Waingereza miaka michache tu kabla.

Pio Gama Pinto, mwandishi na mpigania uhuru, aliuawa kwa risasi mwaka 1965. Tom Mboya, waziri, aliuawa mwaka 1969. J.M. Kariuki, mbunge aliyewasemea maskini, alikutwa ameuawa mwaka 1975. Odinga, aliyemsemea Kenyatta akiwa Lokitaung, alikosana naye mwaka 1966 akaunda chama chake. Mwaka 1969 rais alipokuwa Kisumu vurugu zilitokea, walinzi wakapiga risasi na watu wakafa. Chama cha Odinga kikapigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini bila mashtaka.

Na Achieng Oneko, yule mtu wa gazeti la Ramogi, aliyeshtakiwa naye Kapenguria? Baada ya uhuru Kenyatta alimfanya waziri wa habari. Oneko alipomfuata Odinga, Kenyatta alimfunga kizuizini tangu 1969 hadi 1975. Mhariri alimfunga mhariri. Mwisho wa mwaka 1977 mwandishi Ngugi wa Thiong'o naye alitiwa ndani baada ya mchezo wake wa kuigiza kwa Kigikuyu, lugha ileile ya Muigwithania.

Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akiwa bado rais. Alizikwa Nairobi, watu wakalia sana, na makamu wake Daniel arap Moi akashika uongozi kwa amani.

Tunachojifunza

Kamati ilipokuwa ikiandaa toleo hili, kijana mmoja alituuliza katika kikao: taarifa hii inasaidia nini? Mgao haiongezi, shitingi haitupi, kurudi nyumbani haituletei. Swali lake ni la haki, na tulikaa nalo.

Jibu letu ni hili. Muigwithania nalo halikurudisha hata shamba moja. Lakini liliwafanya watu waliogawanyika wajue kwamba shida yao ni moja, na kwamba wanaweza kuieleza wenyewe kwa lugha yao. Kambini uvumi huenda upesi kuliko moto wa nyasi. Tuliwahi kuona mwaka mmoja mama wameuza sufuria zao kwa sababu mtu alisema malori ya kurudi nyumbani yanakuja kesho. Hayakuja. Karatasi moja yenye habari ya kweli, ikibandikwa mapema, ingeokoa sufuria zile.

Jambo la pili ni kwa sisi wanakamati. Watu wametuchanga kama walivyomchanga Kenyatta. Kila anayetumwa kusema kwa niaba ya wengine arudi atoe hesabu, hata kama hakupata kitu. Waliomtuma wakiuliza, asione wamemtukana.

Jambo la tatu ni kwa wote, wakimbizi na wafanyakazi wa HCR na mashirika. Mtu anayeandika malalamiko kwa upole si adui. Ukimsikiliza mapema, hatalazimika kupiga kelele. Waingereza walipuuza karatasi za mwaka 1929, wakaja kukutana na mapanga ya mwaka 1952.

Na la nne ndilo gumu. Mtu aliyejua uchungu wa kunyamazishwa aliwanyamazisha wengine alipopata nguvu. Sisi leo hatuna nguvu, na ni rahisi kusema kwamba tungefanya vizuri zaidi. Wako kati yetu watakaorudi nyumbani wawe machifu wa lokalite, wakurugenzi wa shule, labda na zaidi. Tunawaomba siku hiyo wakumbuke ubao huu wa kisima, na mtu mwenye kalamu anayesimama mbele yake.

Vijana wanaopenda kuandika waje kwa kamati. Kila mwenye habari ya kweli na fupi atasikilizwa, mwanamume kwa mwanamke, wa bloku yoyote na kabila lolote. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia. Na asiyejua kusoma aketi karibu, tutamsomea.

Mungu atulinde sote, na atupe siku ya kurudi kwa amani.

Ni sisi, Kamati ya Wakimbizi, Giheke